Sauti Iliyofunikwa: Lupita Nyong'o Machoni pa Marafiki Watatu wa Ringwani

Kwa miaka mingi filamu za kigeni zilifika Ringwani, kama zilivyofika katika vijiji vingine vya wilaya ya Serengeti, zikiwa zimekwisha kutafsiriwa, yaani zikiwa zimewekewa sauti ya msimulizi mmoja, aghalabu mwanamume, aliyezungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wote huku akichomeka vichekesho na maelezo yake, kazi iliyompatia Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, umashuhuri nchini Tanzania. Katika banda la video, ambalo wengine huliita kibanda umiza, mtazamaji alimwona mwigizaji lakini hakumsikia, na hali hiyo ndiyo iliyotawala mabishano ya marafiki watatu wa Ringwani kuhusu filamu ya *12 Years a Slave*, iliyoongozwa na Steve McQueen, ambamo Lupita Nyong'o anaigiza kama Patsey, mtumwa wa shamba la pamba huko Louisiana, nafasi iliyompatia tuzo ya Oscar mwezi Machi 2014.

Wa kwanza alishikilia kwamba tuzo ilitolewa kwa machozi tu. Wa pili, aliyelelewa kwa fedha za pamba na kuichuma tangu utotoni, aliyapuuza machozi akatazama vidole, kwa sababu Patsey anasemekana kuchuma zaidi ya ratili 500 kwa siku, yaani kilo zinazopita 220, na mchumaji wa namna hiyo, alisema, lazima mikono yake iende bila kusubiri macho. Tena alivutiwa na pale Patsey anapokaa chini akitengeneza vidoli vya maganda ya mahindi, kama wafanyavyo watoto wa kijijini. Wa tatu alimsifu kwa kuwa wazazi wake ni Wajaluo wa Kenya, ndugu wa Wajaluo wa Rorya nchini Tanzania, sifa ambayo si uhakiki hata kidogo, ingawa ndiyo iliyotolewa kwa kelele zaidi.

Simu za kugusa na memori kadi zilipoenea, filamu ile ilitazamwa upya bila msimulizi. Tukio la sabuni, ambapo Patsey anajitetea mbele ya bwana wake kwamba alikwenda kwa jirani kutafuta kipande cha sabuni kwa kuwa bibi wa nyumba amemnyima, lilisikika sasa kwa sauti yake mwenyewe, iliyochoka na bado yenye ukaidi, na wa kwanza akaiacha hoja yake ya machozi. Wa pili, kinyume chake, alipunguza sifa, kwani hasira ya Patsey aliyoipenda bandani ilikuwa kumbe ya msimulizi.

Ugomvi ulihamia kwenye filamu ya *Us* ya mwaka 2019, ambamo Lupita anaigiza watu wawili, Adelaide na Red, na kumpa Red sauti ya kukwaruza aliyoibuni kwa kufuata maradhi yanayobana misuli ya kutolea sauti, jambo lililowaudhi watetezi wa wagonjwa wa maradhi hayo hata akaomba radhi. Wa kwanza huiona kazi hiyo kuwa kubwa kuliko ya Patsey. Wa pili huizima filamu kila Red anapoanza kuzungumza.