Nilimtafuta Odiero, Nikampata Nyar Kanyada

Wasee, kwetu Migori kuna jina limesumbua familia miaka nenda miaka rudi: Odiero. Si jina hata. Kwa Kijaluo ni mzungu tu.

Babake dani, yaani nyanya yangu, alikuwa mzungu aliyekuja kuchimba dhahabu Macalder miaka ya 1930. Dani akazaliwa, jamaa akapotea. Hakuacha jina, picha wala barua. Kila Krismasi wajomba hubishana. Mmoja anasema alikuwa Mskoti, mwingine anaapa alikuwa Kaburu wa Afrika Kusini. Mgodi ulifungwa 1966, watu bado wanachimba kwa mikono, na sisi bado tunabishana.

Nikajiambia, hii ni kontenti. Nitamtafuta.

Nikaanzia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Kama unatafuta watu wa kwetu, shika hii: usitafute Migori wala Homa Bay. Wakati huo zote zilikuwa ndani ya South Kavirondo, na DC alikaa Kisii. Nikapekua pia gazeti rasmi la serikali, lililoanza 1899. Maze, wazungu wamejaa humo! Leseni zao, madeni yao, hata vifo vyao. Wangu angeweza kuwa yeyote kati yao.

Waafrika je? Sheria ya kipande ya 1915 ilimlazimu mwanaume wa miaka 16 kwenda juu kujisajili: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri. Wanawake hawakuhesabiwa humo. Hiyo niliisoma, nikapita. Hata sikuona inanihusu.

Nikarudi nyumbani na simu na taa ya kurekodi. Nikamuuliza dani: Odiero alikuwa mrefu? Aliongea vipi? Alitoka wapi? Dani akanyamaza, kisha akasema:

"Mjukuu wangu, Odiero umeniuliza mara kumi. Mama yangu hujamuuliza hata mara moja."

Nilizima simu. Kusema kweli, niliona aibu.

Nikauliza jina la mamake. "Watu walimwita Nyar Kanyada." Hapo nikashtuka. Mjaluo akisema Nyar na jina la mahali, anamaanisha binti wa huko. Kanyada iko Homa Bay! Miaka yote hiyo tulikuwa tunasaka kwao mzungu, na kwao mama yetu kulikuwa ndani ya jina lake. Hakuna aliyewahi kwenda. Dani alisema mamake aliogopa kurudi na mtoto wa rangi ile.

Wiki iliyofuata tukapanda matatu, tukapitia Rongo, dani amekaa mbele na kitambaa chake kizuri. Tuliuliza boma hadi boma siku nzima. Jioni tukaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye babake alikuwa na dada aliyeenda Makalda na hakurudi. Alimwangalia dani muda mrefu. Kisha akataja babu zake, mmoja baada ya mwingine, majina sita bila kusita, na dani akayarudia polepole kama mtoto wa nasari.

Nikamuuliza mzee kama alisikia lolote kuhusu Odiero. Akacheka.

"Huyo? Hakuleta hata ng'ombe mmoja. Ukimpata, mwambie bado tunangoja."

Kama ni deni, limekaa karibu miaka tisini.

Sijaacha kumtafuta. Ni damu yangu pia, na siku moja huenda kipimo cha DNA kikanipeleka kwao. Lakini nilikuwa nadhani yeye ndiye mwanzo wa hadithi yetu kwa sababu ndiye aliyekuja kutoka mbali. Kumbe mwenye kulea, kulima na kubeba aibu peke yake alitoka safari ya matatu mbili tu.

Kwa hivyo kabla hujalipia kipimo, piga simu nyumbani. Uliza dani wako: mama yako alikuwa nyar wapi? Uliza leo, sio Krismasi.