Mkimbiaji, Mkimbizi

Kitenzi ni kimoja tu: kimbia. Kaptagat utakiona kabla ya kukisikia. Asubuhi na mapema, barabara ya udongo, kundi la wanariadha linakupita bila hata kuhema, ilhali wewe, kwenye mita kama 2,400 juu ya bahari, umechoka kwa kupanda tu kilima cha kwenda dukani. Hapa ndipo Eliud Kipchoge alijinoa chini ya kocha Patrick Sang kabla ya Vienna. Tarehe 12 Oktoba 2019 alimaliza mbio za kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikimbia: nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita. Dunia nzima ikashangilia.

Sasa chukua neno hilohilo, usiguse hata herufi, ulirudishe Januari 2008. Shosho pia alikimbia. Alikuwa na blanketi moja na wajukuu watatu, mimi nikiwa mdogo wao. Tulilala uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na maelfu ya wengine. Hakuna aliyetupimia muda.

Shuleni tulifundishwa mnyambuliko kama hesabu. Kutendesha: kimbiza. Kutendea: kimbilia. Mwalimu hakusema kwamba ndani ya kila kauli kuna watu. Ukisema kimbiza, kuna aliyekimbizwa na kuna aliyemkimbiza, na pengine walikuwa majirani. Ukisema kimbilia, kumbuka tarehe 1 Januari 2008: watu walikuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa wakiwa ndani. Nomino yake ni kimbilio.

Si kila lugha inabebesha kitenzi kimoja mzigo wote huu. Kwa Kiserbokroatia, trčati ni kwenda mbio, bježati ni kukimbia hatari. Mkimbizi, izbjeglica, anatoka upande wa bježati, hana undugu na mwanariadha. Sisi wawili hawa wana mzazi mmoja, tofauti iko mwishoni tu: -aji ikatupa mkimbiaji, -zi ikatupa mkimbizi. Na hiyo -zi haina ubaya wowote. Ndiyo ileile ya mlezi, mtetezi na mwokozi.

Mimi mwenyewe kitenzi hiki kimenifuata. Niliacha chuo karo ilipokatika, lakini kwenye harusi na matanga nasikia shangazi zangu wakinong'ona, "Huyo si alikimbia masomo?" Weka yambwa mbele ya kimbia na papo hapo mtu anakuwa mwoga. Siku hizi sibishani nao. Naandika, nalipwa kidogo, naishi.

Shosho alirudi Kaptagat. Wanariadha wakipita langoni, bado huuliza, nusu kwa utani, "Hawa nao wanakimbia nini?" Kwa Kiswahili chake, lazima kuwe na kitu nyuma yako.

Redioni walituita wakimbizi wa ndani kwa ndani. Jina hilo hajawahi kulitumia. Wala sijamsikia akisema "nilikimbia". Akisimulia, kila mara ni "tulikimbia", hata anapofika ule usiku aliotoka peke yake gizani, akatuacha kwa wenzake, kwenda kututafutia maji.