Chaneli Iliyoruka na Kijana Tuliyemlaumu

Sisi walimu wa kujitolea wa kikundi cha muziki tunaomba nafasi kidogo mwezi huu. Wengi mnatuuliza njiani habari za amplifaya ya gitaa: imepona au bado, na zile pesa ziko wapi. Tutajibu yote. Lakini tuanze mwanzo, maana kuna mtu tulimkosea mbele yenu, na si vizuri kumwomba msamaha kichochoroni.

Amplifaya ile tulipewa na wanakwaya wenzetu wa Mbale mwaka 2023. Ina chaneli mbili. Moja ni ya sauti safi, nzuri kwa ridim na nyimbo za taratibu. Nyingine ni ya sauti kali yenye kukwaruza. Unahama kutoka moja kwenda nyingine kwa kitufe kilicho mbele, au kwa swichi ya mguu ambayo waya wake unachomekwa nyuma.

Mnakumbuka sherehe ya kufunga muhula, mwaka 2024. Watoto wa P.3 wanaimba polepole, wazazi wametulia, mara mashine inaruka kwenye chaneli kali na kunguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Ikarudi. Ikaruka tena. Watoto wakacheka, wazee wakaziba masikio. Mpiga gitaa alikuwa kijana wetu wa P.7, na kweli ana tabia ya kukanyaga ile swichi kama anaua nge. Basi sisi hatukuuliza kitu. Tulimwambia palepale, watu wote wakisikia, "Umeharibu mali ya watu."

Kesho yake mama yake akaja na shilingi 20,000, alizopata kwa kuuza mahindi. Tukazipokea. Ndiyo, tukazipokea na kuziandika kwenye daftari la michango. Kijana akaacha mazoezi, halafu akaanza kukosa hata masomo ya jioni, na huyo ni mtoto wa mtihani.

Nyinyi mlichanga hadi zikafika shilingi 400,000. Mwishoni mwa mwezi wa nane, wakati wa likizo, wawili wetu tukafunga mashine kwenye blanketi, tukapanda gari Bweyale hadi Kampala, kisha Jinja. Pale Jinja ni mji wa umeme, bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, linazalisha tangu 1954. Tukajisemea kuwa fundi wa mji wa umeme hawezi kushindwa na kasha moja. Fundi tuliyemkuta aliwasha, akasikiliza dakika mbili, akasema bodi ya chaneli imekufa, inunuliwe mpya, shilingi 350,000. Akauliza nani anaitumia. Tulipomweleza juu ya kijana na mguu wake, akacheka, "Si mnaona?" Na sisi tukaitikia kwa kichwa.

Tungelipa siku ileile. Kilichotuzuia ni hesabu tu, kwa sababu nauli ilishakula sehemu kubwa na pesa hazikutosha. Tukaona heri twende Mbale kwa wale wanakwaya, labda watatuongezea.

Njia ya Iganga na Tirinyi ni ndefu ukiwa umepakata mzigo wa kilo kumi na tano. Tulifika Mbale jioni. Ulikuwa mwaka wa imbalu, si mnajua tohara ya Wamasaba hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, basi ngoma za kadodi zilikuwa zinapita barabarani na vijana wakicheza nyuma yake. Bila amplifaya hata moja, na mji mzima unasikia! Wanakwaya walitulaza, asubuhi wakatupeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Kiswahili chake alikipata kazini Kenya.

Mzee hakushika bisibisi. Aliuliza kwanza, kama daktari. "Walimu, sauti inapotea kwenye chaneli moja, au zote?"

Tukasema, "Hapana mzee, zote zinalia. Ila inaruka yenyewe."

"Mmebadilisha waya wa gitaa?" Ndiyo. "Na gitaa lenyewe?" Ndiyo, hata hilo. "Mkichomoa swichi ya mguu kabisa, bado inaruka?"

Hapo tukatazamana. Hatukuwahi kujaribu. Watu wawili wenye vyeti vya sekondari, tumesafiri nusu ya nchi, na hatukuwahi kuchomoa waya mmoja.

Akauchomoa. Akawasha mashine, akabonyeza kitufe cha mbele mara tatu, haikubadilika. Halafu akapiga kiganja juu ya kasha, ikaruka. Akatuangalia. "Mguu wa kijana wenu uko wapi hapa?"

Jamani, tulitamani ardhi ipasuke.

Alivyotueleza ni hivi. Kila chaneli ina njia yake, halafu njia zote mbili zinakutana kabla ya kwenda kwenye spika. Zote zikinyamaza pamoja, tafuta mahali zinapokutana au mbele ya hapo: fyuzi, spika, yale matundu mawili ya nyuma ya kutolea na kurudishia sauti. Haya matundu yakishika uchafu sauti hufifia. Chomeka waya mfupi kutoka tundu moja hadi jingine, na sauti ikirudi umempata mwizi. Ikinyamaza chaneli moja tu, tafuta ndani ya njia yake, na uanze na vitufe vya kuzungusha, maana vumbi hukaa humo na kukwaruza. Lakini zikilia zote vizuri na kazi ya kuchagua ndiyo imeharibika, basi chaneli ni nzima. Anayeumwa ni bawabu.

Ndipo akafungua. Alikuwa ameshachomoa umeme muda mrefu, na alituonya tusithubutu kufungua mashine nyumbani, kwa sababu kapasita hutunza umeme hata baada ya kuchomoa, na zile mashine za zamani za valvu zinaweza kuua. Alituonya pia tusikate pini ya ardhi kwenye plagi, hata kama soketi ina matundu mawili.

Ndani ya tundu la swichi ya mguu kuna kipande chembamba cha chuma. Pini ikitoka, kile chuma kinarudi mahali pake na kukipa kitufe cha mbele kazi yake. Chetu kilikuwa na kutu ya kijani, hakigusi sawasawa. Na chini ya kasha, kwenye kona, kulikuwa na mstari wa tope lililokauka. Wanakwaya walipouona wakakumbuka: mafuriko ya usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na watu wengi wakafa. Mashine ilikuwa sakafuni. Waliikausha juani, ikalia, wakaisahau habari hiyo. Nani angewalaumu, wakati majirani walikuwa wanazika?

Mzee alikwangua kutu, akapulizia dawa, akachomeka na kuchomoa pini mara nyingi, akakikunja kile chuma kidogo. Shilingi 15,000. Akapiga kasha tena kwa kiganja. Haikuruka.

Tuliporudi tulikwenda kwa mama yule kabla ya kufungua mzigo. Tukamwambia yote, na kijana akiwa amekaa mlangoni. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Mlisema mbele za watu." Hakuongeza neno. Ndiyo maana tunaandika hapa: si yeye aliyeiharibu, na sisi walimu wake tulisema uongo juu yake bila kujua kuwa ni uongo. Tusamehe, mwanetu.

Jumamosi ya tatu alikuja mazoezini. Hakutusalimu. Alichomoa swichi ya mguu, akabonyeza kitufe cha mbele mara kumi hivi, kisha akaomba gitaa.

Hesabu: nauli na mzigo 230,000, mzee 15,000, kopo la dawa ya kusafishia 20,000. Zimebaki 135,000. Shilingi 20,000 za mama tumemrudishia. Waliochanga wengine waje darasani Jumamosi saa tisa, daftari liko wazi.