Tofali na Vitundu Vyake

Mgeni afikaye Wordsley, karibu na Stourbridge katika Uingereza, huuona mnara wa matofali, mnene chini na mwembamba juu, urefu wake yapata mita 30. Ulijengwa karibu na mwaka 1790, na ndani yake kioo kiliyeyushwa hata mwaka 1936. Nchi hiyo ilisifiwa kwa udongo ustahimilio moto, uliochimbwa pamoja na makaa ya mawe.

Tofali la udongo huo lina vitundu vidogo mno. Vikizidi, kioo kiyeyukacho hupenya na kulila tofali. Vikipungua mno, joto likibadilika ghafula hulipasua. Basi fundi hulipima tofali kavu, hulichemsha majini, kisha hulipima tena. Uzito ulioongezeka humfunulia siri ya vitundu kabla moto haujawashwa.