Baiskeli ya Njia Zote



Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima kando ya Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia. Kutoka Kilindoni hadi Utende napita barabara ya lami. Utende naipandisha baiskeli mashuani, navuka hadi kisiwa cha Chole. Huko kuna vijia vya mchanga, mizizi na mawe.

Siku moja nilianguka huko. Matairi yalikuwa magumu na kiti kilikuwa juu mno. Goti lilichubuka. Nilifika darasani nimechelewa, nikawaza kuliacha darasa lile. Mzee mmoja, mwanafunzi wangu, aliitazama baiskeli. Akasema, "Mwalimu, hii ni ya lami. Itengeneze ifae mwili wako na njia yetu."

Siku ile mwalimu nikawa mwanafunzi. Nawe fanya hivi.

Kaa kitini. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa. Inua usukani ili mgongo usiiname sana. Funga matairi mapana, lakini yasiguse fremu. Kwenye mchanga punguza upepo kidogo, tairi lisizame. Usipunguze mno, mawe yatatoboa tyubu. Kwenye lami ongeza upepo. Ukivuka bahari, osha baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi. Ikikauka, paka mnyororo mafuta.

Sasa nafika darasani mapema, na darasa la Chole sikuliacha. Je, baiskeli yako inakufaa? Itazame leo.