Pazia la Bibi

Nyumba yetu ya Mbagala ina vyumba viwili vya kulala, sebule ndefu, jiko na choo. Chumba kimoja ni chetu sisi wazazi. Cha pili kina kitanda cha ghorofa, godoro la chini na watoto watatu. Hesabu hiyo haikuwa na kasoro mpaka mwaka jana, ulipofika mwezi ambao mama mzazi wa mmoja wetu, yaani mama mkwe wa huyu ashikaye kalamu, alipoletwa kutoka Kilwa Kivinje, takriban kilomita 300 kusini ya Dar es Salaam, ili atolewe mtoto wa jicho. Alitolewa, alhamdulillah, na akaona. Lakini magoti yake yalikuwa yamedhoofu, na nyumba yake ya Kivinje haina tena mtu wa kumtekea maji. Tukamwomba abaki nasi. Alinyamaza siku mbili, kisha akatujibu kwa swali: "Nitalala wapi, wanangu?"

Tulimwonyesha mwisho wa sebule, mahali palipokuwa na meza ya chakula. Meza tukaisogeza karibu na jiko, kitanda kikaingia, kabati dogo likaingia, na dirisha lilikuwapo. Hatukuona tatizo. Kumbe tatizo lilikuwa mbele ya macho yetu, nalo ni kwamba mlango wa mbele na mlango wa choo yote miwili hufikiwa kwa kupita sebuleni. Mwenye nyumba huondoka kabla ya alfajiri, kwani funguo za stoo ya msikiti wetu ziko mikononi mwa katibu. Watoto huamka wakiwa na usingizi na kupita popote. Wageni wa kamati huja hata baada ya Ishaa.

Bibi alipogusia jambo la stara, yule kati yetu aliyesoma chuo alikuwa na jibu tayari. Suratun-Nisaa, katika aya ya 23, imemtaja mama wa mke miongoni mwa walioharamishwa. Kwa hiyo mkwe wa kiume ni maharimu wake, wala halazimiki kujifunika mbele yake kama anavyojifunika mbele ya ajnabi. Jibu hilo ni sahihi, na lau lingeulizwa katika mtihani lingepata alama zote. Ila Bibi hakuwa ameuliza kuhusu uharamu wa ndoa. Kila aliyelelewa pwani anajua haya iliyopo baina ya mtu na mkwewe, jinsi mama anavyobadilisha sauti mkwe anapopiga hodi, na jinsi mkwe anavyoviacha viatu mbali na mlango. Haya hiyo sheria haikuiondoa, na sisi tuliitumia sheria kumnyamazisha mzee.

Basi tulifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tukaianikia kanga mbili. Kamba ya urefu wa mita tatu na sentimita arobaini haikubali kunyooka. Ilibonyea katikati, kanga zikakusanyika pale palipobonyea, na pembeni pakabaki nafasi ambayo mtu mzima angepita bila kuinama. Wiki moja ikatutosha. Tukasema tutaweka pazia la kweli juu ya reli.

Hapa tuna jambo la kukiri. Pazia la sehemu ya wanawake msikitini kwetu lilijadiliwa katika vikao viwili vya kamati. Ziliandikwa bei za maduka matatu, akateuliwa mtu wa kupima, akateuliwa na mwingine wa kuhakiki, na mihutasari yote ipo. Reli ya Bibi tuliinunua Kariakoo Jumamosi moja baina ya Adhuhuri na Asri, pamoja na sufuria na daftari za watoto. Muuzaji alitushauri tusichukue bomba, kwa kuwa bomba la urefu ule litapinda katikati lisipowekewa nguzo, nasi tukamshukuru na kuchukua reli ya alumini ya kufungwa darini, vipande viwili vya kuungana. Skrubu zilikuwa ndani ya mfuko wake, za inchi moja. Kitambaa tulichagua kizito, tukidhani uzito ndio stara.

Dari yetu ni ya jipsamu, ubao mweupe wa unene wa milimita 12 uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Sisi tuliipima reli kwa futi, tukaigawa sawasawa kwa kuwa ni watu wa kupenda usawa, tukafunga skrubu kila baada ya sentimita 85. Skrubu tano. Ziliingia kwa ulaini uliotufurahisha, na hatukujiuliza kwa nini ubao ukubali skrubu kwa bisibisi ya mkono bila kutoa jasho. Vigurudumu vikatelezeshwa ndani, kulabu zikanasa kwenye utepe wa kitambaa, na ilipofika Magharibi pazia lilikuwa limesimama. Tulipiga picha.

Dalili hazikukosekana. Kwanza pazia lilikuwa likijifungua lenyewe. Ukiliacha limefungwa, na pangaboi likiwaka, kipande cha kushoto husogea taratibu hadi kikaacha ufa wa shubiri. Kitinda mimba wetu akatangaza kwamba lina jini. Pili, pale reli mbili zilipoungana palikuwa na kikwazo, na Bibi alikuwa akilivuta kwa nguvu kila lilipokwama. Tulimwambia alivute polepole.

Usiku wa tisa, muda mfupi kabla ya adhana ya Alfajiri, aliamka ili atawadhe. Magoti yalikuwa mazito. Akashika alichokiona karibu, nacho kilikuwa pazia, akajiinua. Reli ikatoka darini yote isipokuwa ncha moja, ikamwangukia begani pamoja na vumbi jeupe. Kishindo kile kilimtoa mwenye nyumba chumbani, akiwa amekwisha kuvaa kanzu, akawasha taa ya sebule. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, kanga kiunoni, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zikiwa nyeupe zaidi kwa vumbi, akijaribu kuvuta kitambaa kile kile kilichomwangukia ili ajifunike nacho.

Taa ikazimwa mara moja. Binti yake akaenda kumwinua. Hakuumia ila mkono uliteguka kidogo. Hakusema neno mpaka jua lilipotoka, na kwenye chai hakumtazama mkwewe. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Naombeni nauli ya Kivinje."

Tulimsihi. Tulimweleza kwamba lilikuwa bahati mbaya, na kwamba mkwe ni kama mwanawe. Akatujibu: "Ni mwanangu, sikatai. Lakini hata wale niliowazaa sijapata kuamka mbele yao bila kujitanda."

Tuwaeleze wasomaji kilichotuchoma zaidi. Mwezi mmoja kabla ya hapo, katika darsa la Alhamisi, katibu alikuwa amesomesha aya ya 58 ya Suratun-Nur. Aya hiyo inawataka hata watumishi wa nyumbani na watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Sala ya Ishaa. Aliisomesha vizuri, kwa mifano, na akinababa wakaandika. Watoto wadogo wa ndani si ajnabi kwa yeyote, nao wamewekewa mpaka. Mtu anawezaje kuomba ruhusa mahali pasipo na mlango wala pazia? Swali hilo halikuulizwa katika darsa, kwa sababu mwenye darsa alikuwa na mlango chumbani kwake.

Bibi akakubali kungoja siku tatu. Alasiri ile ile tulimwita fundi wa dari, mwenzetu wa safu ya pili msikitini, mtu wa maneno machache. Alipandisha macho, akaona tundu nne zilizochanika na skrubu moja iliyobaki imeng'ang'ania karibu na ukuta. Akacheka kidogo. "Ustadh, hii moja ndiyo iliyopata mbao. Hizi nne mlifunga hewani."

Akatoa sumaku ndogo mfukoni, akaipitisha juu ya dari polepole. Kila ilipokutana na kichwa cha skrubu kilichofichwa na rangi, ilinasa. Akaweka alama ya penseli, akasogea, ikanasa tena. Baada ya dakika chache alama zilisimama kwa mstari, moja kila baada ya sentimita 60. Hapo ndipo mbao za fremu zilipopita. Sisi na sentimita zetu 85 tulikuwa tumezikwepa zote ila ya kwanza. Na hata tungeipata mbao, skrubu ya inchi moja ikishapita reli na jipsamu haibakizi hata sentimita moja na nusu ya kushika. Akatutuma inchi mbili, ambazo huzama ndani ya mbao zaidi ya sentimita tatu. Tofauti ya bei haikufika hata robo ya nauli ya Kivinje.

Lakini kabla hajatoboa tundu hata moja alishuka ngaziani, akauliza: "Nani analala hapa?" Tukamtajia. Akaenda hadi barazani alikokuwa Bibi, akachutama mbali kidogo. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, baba." Akamwuliza huamkia upande gani wa kitanda, hushika wapi anaponyanyuka, na mkono wake hufika wapi akiunyosha. Maswali yote hayo sisi hatukumwuliza katika muda wote huo. Bibi alimjibu kwa urefu. Akamweleza pia jambo ambalo binti yake mwenyewe hakulijua, kwamba usiku akiwasha taa yake ya kabatini, kivuli chake huonekana kwenye pazia kama sinema, kwa hiyo alikuwa akivaa gizani.

Kazi ilifanyika siku ya pili. Fundi alipanda juu ya dari kupitia tundu la kukagulia, akaongeza kipande cha mbao pale reli zinapoungana na kingine mwisho wa ukuta wa pili, ili kila ncha iwe na pa kushika. Alipima usawa kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, kwa kuwa maji hayadanganyi. Ikadhihirika kwamba dari imeshuka upande mmoja kwa karibu sentimita mbili. Huyo ndiye jini wa kitinda mimba. Akasawazisha kwa vibao vyembamba. Alitoboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu ili mbao isipasuke, kisha akakaza, na safari hii jasho lilimtoka. Maungio ya reli akayapiga tupa mpaka kidole hakikuhisi kitu.

Kitambaa kilishonewa bitana nyeusi kwa ndani, na pindo likapunguzwa ili liishie sentimita mbili juu ya sakafu, mzee asijikwae. Vipande viwili vikaachwa vipishane katikati kwa upana wa kiganja. Kwenye kigurudumu cha mbele cha kila kipande ikaning'inizwa fimbo nyembamba, ili Bibi afungue na kufunga bila kukigusa kitambaa. Na ukutani, kando ya kitanda, fundi alitoboa tofali kwa mashine, akasafisha vumbi la tundu, akatia vipande vya plastiki, akafunga kishikio cha chuma. Alining'inia mwenyewe kwacho, miguu hewani, huku Bibi akimtazama. "Hiki ndicho cha kushika, Bibi. Pazia si la kushika."

Dirisha lake nalo likapata reli, ya mistari miwili. Hilo tulilipuuza awali kwa kuwa lilikuwa na pazia jepesi, na mchana, ukisimama nje, huoni kitu. Usiku taa ya ndani ikiwaka, mambo hugeuka: aliye nje huona ndani na aliye ndani haoni nje. Tulitoka uani tukahakikisha kwa macho yetu, na tunawaomba wenye nyumba watoke nje usiku mmoja wayatazame madirisha yao.

Siku ya tatu Bibi hakutaja nauli. Hakusema pia kwamba anabaki. Alimwomba binti yake amletee sanduku lake kutoka juu ya kabati letu, akalitia chini ya kitanda chake, akatoa msala na chetezo.

Sasa hivi, kabla ya Alfajiri, tukiwa bado chumbani, husikia vigurudumu vikienda: mlio mfupi wa kufungua, hatua za kwenda kutawadha, hatua za kurudi, mlio wa kufunga. Mwenye nyumba hungoja mlio wa pili ndipo atoke. Na juzi, baada ya chakula cha mchana, tulimkuta kitinda mimba amesimama mbele ya kitambaa, mikono nyuma, akisema "Hodi, Bibi," na kungoja. Ndani kimya. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, kisha akageuka akaja jikoni kutuambia kwamba Bibi amelala, atarudi Asri.