Idi Coco Beach: maji yanarudi saa kumi

Siku ya Idi el Fitri, familia za Kibaha hushuka na Barabara ya Morogoro, za Kisarawe huja kupitia Pugu na Gongo la Mboto. Wengi wanakwenda kulekule: Coco Beach, Oysterbay.

Ukifika saa nne asubuhi, bahari iko mbali. Watoto wanafukuza kaa kwenye vidimbwi vya miamba, maji yanafika magotini. Mzazi anatandika kanga, anaagiza mihogo na pilipili, roho imetulia. Utulivu huo ndio unaonitia wasiwasi.

Idi el Fitri huja na mwezi mwandamo. Siku hizo jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na hilo ndilo bamvua: maji hupwa sana, kisha hujaa sana. Dar es Salaam tofauti yake inaweza kuzidi mita 3, kimo kinachopita mlango wa nyumba. Wakati wa bamvua maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kuanzia saa kumi jioni, saa ambayo ufukwe umefurika watu. Wavuvi wa Kunduchi wanalijua hili bila kalenda. Idi el Haj, tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, kwa kawaida huangukia karibu na maji mafu, kupanda na kushuka kwake ni kudogo.

Kusi nalo likivuma, katikati ya mwaka, mawimbi huwa makubwa. Kijana mwenye ubao wa kuteleza juu ya mawimbi atafurahi. Mtoto wa miaka sita aliyezoea bwawa, hata lile lenye mabomba ya kuteleza, hajawahi kuona maji yanayochota mchanga chini ya nyayo zake. Tairi la kukodi halimlindi, upepo hulisukuma kina kirefu.

Na asikudanganye mtu kwamba utamsikia akiita. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, mdomo wake unatafuta hewa. Kwa hiyo mtoto mdogo awe karibu nawe kiasi cha kumshika mkono, na simu ibaki kwenye mkoba.

Akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu, mpulizieni pumzi mdomoni mara tano, kisha mbonyezeni kifua katikati huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.